Bangili Mbili za Maneno ya Kiayalandi

Kwa miaka thelathini na moja Bi Ruqaya binti Azzan amekuwa akichonga maneno juu ya fedha katika duka lake la Mkunazini, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwona biharusi hata mmoja wa Unguja akitolewa nje mbele ya wageni, siku ya harusi, na kazi yake mkononi. Jambo hili lilimkera kuliko kitu chochote duniani, na kuna mengi yanayomkera.

Wateja wake ni wageni. Huja na suruali fupi na chupa za maji, wakaagiza pete na bangili zenye majina ya watoto wao, tarehe za harusi zao, na mara moja jina la mbwa. Hulipa, hushukuru, hupanda ndege. Bangili za Bi Ruqaya ziko Roma, ziko Oslo, ziko miji ambayo hajui iko upande gani wa dunia. Yeye mwenyewe mwisho wa safari zake ni Pemba, na alitapika njia nzima.

Na maharusi wetu je? Maharusi wetu wanataka dhahabu. Asiyeweza kununua dhahabu hukodi seti ya rangi ya dhahabu iliyotoka Dubai, inayomeremeta hadi macho yanauma, akaivaa Jumamosi na kuirudisha Jumapili. Fedha, wanasema, ni ya mabibi. Bi Ruqaya huwauliza wao walizaliwa na nani kama si hao mabibi, lakini swali lake halijapata kuuza hata hereni moja.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mpana, mcheshi, mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, na kila siku huitafuta ya tatu. Kazi aliipata kwa baba yake. Mzee Azzan alikuwa na watoto wa kiume wanne, na katika wanne hao hakuna aliyeweza kukaa kitako saa mbili bila ya kukumbuka kwamba kuna mpira. Ruqaya alikaa. Akafundishwa kuyeyusha, kufua, kuchonga, na akafundishwa sharti moja ambalo mzee alilishika kama sala: usichonge neno ambalo mdomo wako hauwezi kulitamka wala moyo wako haujui maana yake. Huenda likawa jina la Mungu, na mtu akaingia nalo chooni. Huenda likawa tusi. Mwenye kuandika ndiye mwenye kuulizwa, alisema mzee, si mwenye kuvaa.

Basi mwezi wa sita mwaka huu akaingia dukani msichana anayeitwa Nusrat, mwalimu wa chekechea kutoka Mkokotoni, pamoja na mchumba wake. Mchumba alikuwa kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya kutu, kutoka Ayalandi, aliyekuja Unguja miaka minne nyuma kuwafundisha watoto kuogelea, kisha akasilimu, kisha akachumbia. Siku ya shahada alipewa jina la Ilyasa, ila Mkokotoni yote inamwita Kiani, jina alilopewa na mama yake.

Kiani alifungua karatasi na kumwaga mezani vijiko sita vya fedha, vya zamani, vilivyochakaa kingo.

"Vya bibi yangu, mzaa mama," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Mama yangu anaomba vigeuke bangili mbili za Nusrat. Ziandikwe maneno ambayo bibi akiyasema kila siku. Kwa lugha yetu."

"Kiingereza?"

"Hapana, Bi Ruqaya. Kiayalandi. Kiingereza tulikuja kukikuta baadaye."

Nusrat akadakia, "Na nnataka kuzivaa siku ya kutolewa nje, bibie. Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Si kwa kuweka kabatini."

Bi Ruqaya aliivua miwani ya puani akavaa ya kichwani. Alitaka kumwona vizuri mtoto huyu aliyesema maneno aliyoyangoja tangu enzi za baba yake. Furaha ilimpanda hadi masikioni, lakini sonara hodari haonyeshi furaha mbele ya mteja, kwa hiyo alikohoa tu na kuuliza maneno yenyewe ni yepi.

Kiani akaandika: *Ar scáth a chéile a mhaireann na daoine.*

"Lo!" alisema Bi Ruqaya. "Na maana yake?"

"Watu huishi kivulini mwa wenzao. Yaani, kila mtu ni kivuli cha mwenziwe."

Maana aliipenda papo hapo. Matamshi yakamtesa siku tatu. Mama yake Kiani, aliyeitwa Bridi, alimtumia sauti yake kwenye simu, akisema maneno yale polepole kama anayemlisha mtoto uji, na Bi Ruqaya akawa anayarudia akipika, akifagia, akishuka ngazi. Alilalamika kwamba watu hawa huandika herufi nyingi na kutamka chache, sijui zilizobaki humpa nani. Siku ya nne alirekodi sauti yake akaipeleka, na Bridi akajibu kwa kulia na kucheka pamoja, kisha akasema neno moja ambalo Kiani alilifasiri: barabara.

Ndipo kazi ikaanza. Vijiko viliyeyuka, fedha ikamiminwa, ikafuliwa ikawa bangili mbili pana zenye bawaba na kijiti cha kufungia, mtindo wa zamani ambao siku hizi huuoni ila kwenye makumbusho. Nusu ya maneno bangili ya kulia, nusu ya kushoto, na pembeni yake maua ya asumini. Wakati akichonga Bi Ruqaya aliimba. Jirani yake Badria, anayeuza mabuibui mlango wa pili, alikuja kuchungulia kama amepata mchumba.

"Nimepata biharusi," alijibu.

Sasa lazima nieleze desturi ya duka lile, maana ndiyo iliyozua yote. Pambo likimalizika, Bi Ruqaya huliosha kwa maji ya ukwaju, akalifukiza udi ili limfikie mwenyewe likinukia manukato badala ya mkaa, kisha akalifunga kwenye kitambaa chekundu, kwa sababu juu ya rangi nyekundu fedha hupendeza. Na likiwa na maandishi, huyasoma kwa sauti mara ya mwisho, macho kayafumba, akipitisha kidole juu ya herufi, ahakikishe kwamba mkono na mdomo imekubaliana. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake kabla ya baba. Ni desturi njema isiyomdhuru mtu, ilimradi asiyeijua asiingie katikati yake.

Jumatano, siku tatu kabla ya harusi, aliingia mtu katikati yake.

Bi Khamisa ni bibi yake Nusrat, ndiye aliyemlea tangu mama wa mtoto alipofariki. Mzaliwa wa Tumbatu, mkaazi wa Mkokotoni, mwanamke mkavu, mrefu, mwenye maneno machache na yote makali. Asubuhi hiyo alikuwa Mwanakwerekwe akinunua mchele na viungo vya harusi, na Nusrat alimwomba apite mjini achukue bangili. Hakumwambia kuwa zina maneno. Mambo yalikuwa mengi, akasahau.

Bi Khamisa alipiga hodi mara tatu. Hakujibiwa. Akasukuma mlango, na haya ndiyo aliyoyaona: chumba kimejaa moshi. Chetezo kinafuka. Kitambaa chekundu kimetandikwa. Juu yake bangili za mjukuu wake, na mbele yake mwanamke wa makamo, macho kafumba, akinong'ona maneno ambayo si Kiswahili, si Kiarabu, si Kihindi, wala si lugha yoyote ambayo masikio ya Bi Khamisa yamepata kuikuta katika miaka sabini na sita.

"Astaghfirullahi!"

Bi Ruqaya akaruka. Miwani zote mbili zikaanguka. "Naam! Nani? Oh, bila shaka ndiye Bi Khamisa, Nusrat kasema utapita! Karibu, shikamoo!"

"Sitaki shikamoo yako! Shikamoo ya mganga haiitikiwi."

"Mganga? Mganga nani?"

"Unaniuliza mimi? Nshakuona kwa macho yangu! Mjukuu wangu humjui, hakujui, unamsomea nini?"

"Bi Khamisa, hayo ni maneno ya mkweo, yule mama yake Kiani, yeye ndiye—"

Hapo Bi Ruqaya alitia mafuta kwenye moto. Bi Khamisa aliinua mkono. "Kumbe yeye ndiye! Basi mwambie mie si mtoto wa jana. Zivae wewe."

Akachukua vikapu vyake akatoka, na bangili akaziacha palepale.

Msimwone mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bi Khamisa aliumwa kweli. Mdogo wake wa mwisho aliachwa siku arubaini baada ya harusi, na godoro lilipofumuliwa pakakutwa kifurushi cha kitambaa chekundu chenye kipande cha fedha kilichoandikwa. Kama kile kilivunja nyumba au nyumba ilivunjika kwa mambo yake, Mungu ndiye ajuaye. Ila tangu siku hiyo Bi Khamisa hana masihara na fedha yenye maandishi.

Mji Mkongwe nao hauna siri. Kuta zimepakana mno. Kabla ya alasiri uchochoro mzima ulishajua kwamba binti Azzan anazindika bangili kwa uganga. Wengine walicheka, wengine walianza kupitia njia ya nyuma. Badria akaja, akafunga mlango, akakaa, akavuta kiti karibu.

"Bi Ruqaya, jirani yangu. Miaka yote hii kumbe! Na mume wangu anarudi nyumbani saa tano za usiku, hukunambia?"

"Toka," alisema Bi Ruqaya.

Alicheka alipomtoa, lakini mlango ulipofungwa kicheko kilimwisha, maana Nusrat alishapiga simu akilia. Bibi ameapa. Bangili zile zikigusa mkono wa mjukuu wake, yeye hakanyagi harusini. Na Nusrat hana mama, mama yake ni huyo. Bridi naye alikuwa anashuka uwanja wa ndege kesho yake, amesafiri siku mbili kuja kuona vijiko vya mama yake mkononi mwa mkaza mwanawe.

"Bibie, nnakuomba," alisema Nusrat. "Yafute tu maneno. Yakwanguliwe, zibaki tupu. Labda Bibi atakubali."

Bi Ruqaya alitoa tupa sandukuni. Aliishika muda mrefu. Kukwangua maneno manane ni kazi ya nusu saa, na biharusi angetoka na bangili za binti Azzan, na ile ndoto ya miaka thelathini na moja ingetimia, japo kilema. Hakuna ambaye angemlaumu. Akaitazama tupa, akazitazama bangili, na roho ikamuuma kwa namna ambayo haikumuuma hata alipozika mume. Nasema alivyosema yeye mwenyewe, na mumewe hakuwa mtu mbaya. Akairudisha tupa sandukuni.

"Nipe mpaka Ijumaa," alimwambia Nusrat.

Ijumaa baada ya sala Kiani alimleta mama yake dukani. Bridi alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama sabini, uso umeshaiva kwa jua la siku moja. Alizishika bangili, akapitisha kidole juu ya herufi, na machozi yakamchuruzika. Hawakuwa na lugha ya pamoja, yeye na Bi Ruqaya, ila maneno manane. Basi wakayasema yote manane kwa pamoja, wakakumbatiana, na Bi Ruqaya akafunga duka.

"Twende Mkokotoni," alimwambia Kiani. "Washa gari kabla sijaogopa."

Walimkuta Bi Khamisa uani, katikati ya wanawake wengi, akichambua mchele wa pilau. Bi Ruqaya akasema shikamoo. Bi Khamisa aliendelea kuchambua mchele. Wale wanawake wengine ghafla wakaona mchele wao una mawe mengi sana.

"Bi Khamisa," alisema Bi Ruqaya, akiwa bado wima, maana hakuambiwa kaa. "Sikuja kubishana nawe. Hayo maneno maana yake ni kwamba watu huishi kivulini mwa wenzao. Basi. Hakuna jengine."

"Maneno mazuri," alisema Bi Khamisa. "Mganga gani anayeanza na maneno mabaya?"

Bridi, asiyejua linalosemwa ila akijua kabisa linaloendelea, alijikunja akakaa chini kwenye mkeka, akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele. Hakuomba ruhusa. Alichambua haraka na vizuri, akitupa mawe pembeni. Bi Khamisa alimtazama mikono kwa muda, mikono minene yenye makovu ya kazi, haikuwa mikono ya mtu wa kukaa.

"Muulize mama yako," alimwambia Kiani, "alikuwa akifanya kazi gani."

Kiani akauliza, akafasiri. "Wazee wake walikuwa watu wa pwani. Tangu mtoto akikata mwani, kwenye mawe, maji yakitoka. Kuna baridi sana kule."

"Mwani?" alisema Bi Khamisa, ambaye magoti yake yaliharibika kwa miaka ishirini ya kulima mwani. Akafuta mikono yake kwenye kanga.

"Lete hizo bangili."

Bi Ruqaya akampa, na akampa na miwani yake moja. Bi Khamisa alizisogeza kwenye mwanga na kuzisoma, herufi kwa herufi, nje na ndani, chini ya maua, kwenye bawaba, hata kwenye kijiti. Alisoma kwa muda ambao jungu la maharage lingeiva. Mwishowe akainua kichwa.

"Liko wapi jina la mjukuu wangu?"

"Halimo, Bi Khamisa. Sikuambiwa nilitie."

"Na jina la mama yake?"

"Nitalijuaje? Hata simjui, Mungu amrehemu."

Wanawake wakaacha mchele. Kila mmoja pale alijua, kama anavyojua njia ya kisimani, kwamba hakuna hirizi wala fingo wala azima inayofanya kazi bila ya jina la mtu na jina la mama yake. Mganga asiyetia jina ni kama mwandishi wa barua asiyetia anwani. Na kile kipande cha fedha cha godoroni, Bi Khamisa alikikumbuka vyema: kilikuwa na jina la mdogo wake, na la mama yao.

Alizifunga bangili kwenye kitambaa chao chekundu, akaziweka mapajani.

"Ziacheni hapa. Nendeni."

"Atazivaa?" aliuliza Bi Ruqaya.

"Marahaba," alisema Bi Khamisa, akaurudia mchele wake.

Bi Ruqaya hakulala vizuri. Marahaba ni heshima, si ahadi. Na pale Mkokotoni kukitupa kitu baharini si safari, ni hatua hamsini.

Jumamosi alasiri turubai lilijaa wanawake, mabuibui yamevuliwa, gauni zinameta, udi na asumini vinashindana, vijana wa kike wanacheza hadi mikeka inahama. Bi Ruqaya alikaa safu ya nyuma na gauni lake la kijani. Vigelegele vikapasuka. Nusrat akatoka nje, taratibu, macho chini, hina hadi viwikoni, mzuri kama sala iliyokubaliwa. Akapandishwa kwenye kiti chake jukwaani. Bi Ruqaya akasimama kwa vidole vya miguu kumtazama mikono.

Dhahabu tupu. Ile ya kukodi, kutoka kifundo cha mkono hadi katikati ya kigasha.

Akakaa. Alijiambia kwamba mtoto kapendeza, na hilo ndilo la maana, na kweli mtoto alikuwa kapendeza, lakini machozi yalimjia na hakuyafuta kwa sababu kuyafuta kungeonekana. Mashangazi wakapanda kumtunza biharusi. Majirani wakapanda. Walimu wa chekechea wakapanda wakiimba. Wa mwisho alikuwa Bi Khamisa, na alipopanda alimwambia mpiga kinanda anyamaze, akachukua kipaza sauti, kitu ambacho hakuna aliyepata kumwona akikishika.

"Nyote mmesikia maneno," alisema. "Mimi ndiye niliyeyasema, na leo nnayarudisha palepale yalipotoka, mdomoni mwangu. Uchawi hufungwa gizani. Mimi mjukuu wangu namvisha mchana, mbele yenu, na asiyeona asogee."

Akafungua kile kitambaa chekundu. Akaanza kumvua Nusrat dhahabu, bangili moja moja, akimrundikia somo wa biharusi, kungwi wake, aliyekuwa hana tena pa kuzishika. Mikono ikabaki na hina tu. Akamwita Bridi, akamwambia kwa ishara aseme, na Bridi akasema maneno ya mama yake kwenye kipaza sauti, na Bi Khamisa akayaeleza kwa Kiswahili kana kwamba ameyajua tangu utotoni: watu huishi kivulini mwa wenzao. Turubai likalipuka kwa vigelegele.

Kisha akamvisha bangili ya kwanza, na kile kijiti kikamshinda. Alijaribu, akajaribu tena, vidole vyake vikavu vikiteleza.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza kwenye kipaza sauti. "Binti Azzan! Yuko wapi?"

Bi Ruqaya hakumbuki alivyofika mbele. Anakumbuka mikono ya wanawake ikimsukuma mgongoni, na Badria akipiga kelele kwamba huyo ni jirani yake. Alipanda jukwaani, akapiga goti, akaingiza kijiti cha kulia, kikalia tiki. Akaingiza cha kushoto. Nusrat alikuwa anamcheka na kumlilia kwa wakati mmoja. Fedha ilikaa juu ya hina kama vile mkono ule ulizaliwa nayo, na wanawake wa Mkokotoni walikuwa wameshasimama, wakinyoosha shingo, wakiulizana nani kazifanya na duka liko wapi.

Bi Ruqaya aliushika mkono wa biharusi kwa mikono yake miwili, akautazama, akaendelea kuutazama.

Bi Khamisa aliinama akamgusa bega. "Mwachie sasa, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo kipaza sauti hakikuinasa. "Wenzio nao waone."

Akamwachia, lakini si mara moja.